Bakshishi Kwenye Meli ya Kitalii: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Mombasa

Watu wa Mombasa tumezoea kuzitazama meli za kitalii tukiwa nchi kavu. Meli huingia Kilindini alfajiri, ikafunga gati namba moja penye terminali ya abiria, wageni wakateremka na kofia zao, mabasi yakaelekea Tsavo, Haller Park na Fort Jesus, na jioni ikang'oa nanga. Kwa upande wetu bakshishi ni kitu cha kupokea. Lakini siku hizi wako wenzetu wanaopanda: maharusi walio kwenye fungate, familia zinazoruka hadi Durban, Dubai au Barcelona kuipata meli huko, na wazee waliokatiwa tiketi na watoto wao walio ng'ambo. Hapo sasa wewe ndiye unayetarajiwa kutoa, na utaratibu wa melini haufanani na ule wa hoteli za Nyali au Diani.

Abiria wenyewe hawajakubaliana. Wamarekani wengi wanaona bakshishi ni sehemu ya safari na hawaoni tabu kuongeza. Waingereza na Waaustralia wengi wangependa iingizwe kwenye nauli mambo yaishe. Wako wanaoyaacha makato ya kila siku na kuongeza taslimu kidogo, na wako wanaokwenda mapokezi siku ya kwanza kuyafuta, wakidai kwamba watatoa wenyewe mkono kwa mkono. Mimi msimamo wangu nautoa mapema: makato yaache, kisha mwongeze mkononi yule aliyekuhudumia vizuri. Sababu iko hatua ya pili. Ukishaielewa, mengine ni hesabu tu.

Hatua ya kwanza: jua nauli yako imelipia nini

Kabla ya kufikiria noti, fungua karatasi za tiketi usome kilichomo. Kampuni za meli zimegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza hukata bakshishi kila siku kwenye akaunti yako ya melini, kwa kila kichwa. Humo wamo wakubwa wa biashara hii: Royal Caribbean, Carnival, Norwegian. Kwa kabini za kawaida, makato ya miaka ya karibuni yamekuwa kati ya dola 16 na 20 hivi kwa mtu mmoja kwa siku. Kabini za kifahari hukatwa zaidi. Watoto nao wanahesabiwa, ila kwenye baadhi ya kampuni mtoto mchanga hatozwi. Jina la makato hubadilika: huyu anayaita ada ya huduma, yule shukrani kwa wafanyakazi. Usibabaishwe na majina, fedha ni ileile.

Kundi la pili limeshaiweka bakshishi ndani ya nauli. Silversea, Seabourn na Regent Seven Seas, ambazo ni meli za wenye nazo, hufanya hivyo. P&O Cruises ya Uingereza ilifuta makato ya kila siku mwaka 2019. Marella ya Waingereza na Mein Schiff ya Wajerumani pia zimejumlisha kila kitu kwenye bei. Ukiwa kwenye meli za kundi hili hudaiwi senti, na utakachotoa ni hiari yako tupu.

Wakala aliyekukatia tiketi akikuambia "kila kitu kimo", mwombe akuonyeshe mstari unaotaja bakshishi. Chakula kimo, kitanda kimo, na tamasha za usiku zimo pia. Bakshishi mara nyingi haimo, na hapo ndipo watu wengi huja kushangaa bili siku ya mwisho.

Hatua ya pili: fahamu fedha inakwenda kwa nani

Makato ya kila siku hayaendi kwa mtu mmoja, yanaingia kwenye mfuko. Mfuko huo unagawiwa stiwadi anayetandika kitanda chako na msaidizi wake, weita wako wa chakula cha jioni na mwenzake, na kwenye kampuni nyingi hata watu usiowaona kabisa: waliomo jikoni, wanaoosha vyombo, wanaofua mashuka ghorofa za chini zisizo na dirisha. Katika baadhi ya kampuni, mfanyakazi wa upande huu wa hoteli ana mshahara wa msingi mdogo, na sehemu kubwa ya anachotuma nyumbani inatoka kwenye mfuko huo.

Halafu kumbuka kazi yenyewe ilivyo. Mkataba wa kawaida wa watu hawa ni miezi sita hadi tisa bila kurudi nyumbani. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Ugeuze upande wa pili uone sheria yenyewe inaruhusu nini: kazi ya saa 91 kwa wiki, na siku moja ikafika saa 14. Huyo ndiye anayekuuliza asubuhi ulilalaje.

Basi yule abiria anayefuta makato ili ampe stiwadi wake dola 50 mkononi anajiona karimu, kumbe amemnyang'anya mfua mashuka ili amtuze mtandika kitanda. Na huenda hata huyo stiwadi asifaidi. Kwenye kampuni kadhaa kanuni iko hivi: abiria akiacha makato, taslimu aliyopewa mfanyakazi ni yake, abiria akiyafuta, mfanyakazi anatakiwa aipeleke taslimu hiyo mfukoni ikagawiwe. Majina ya waliofuta wanayajua. Kwa hiyo dola zako 50 zinaweza kuishia kuwa dola mbili tatu kwa kila mmoja, huku wewe ukiamini umemfurahisha mtu mmoja.

Je, kuna wakati wa kuyapunguza? Upo. Ikiwa huduma imekuwa mbovu kweli, umelalamika mapokezi wakapewa nafasi ya kurekebisha, na hawakurekebisha, una haki ya kuomba yapunguzwe. Lifanye hilo kabla meli haijafunga hesabu, kwani baada ya kushuka utaandikishwa fomu na kuzungushwa. Lakini usiyapunguze eti kwa sababu nyama ilichelewa au bahari ilichafuka mkakosa kushuka bandarini. Stiwadi hana mamlaka juu ya mawimbi.

Hatua ya tatu: piga hesabu kwa shilingi, kabla ya kusafiri

Dola 18 ukiisikia hivihivi inaonekana si kitu. Iweke kwenye familia. Mke na mume, usiku saba, dola 18 kila mmoja kwa siku: dola 252. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 32,508. Ongeza watoto wawili, inakuwa dola 504, yaani zaidi ya shilingi 65,000. Hizo ni fedha za kupangwa pamoja na nauli, wala si za kuja kugundua mkiwa katikati ya bahari.

Kampuni nyingi zinakuruhusu kulipa bakshishi mapema, wakati wa kukata tiketi au siku chache kabla ya safari. Mimi napendelea njia hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, viwango hupandishwa mara kwa mara, na aliyekwisha kulipa kwa kawaida hubaki na kiwango cha zamani. Ya pili inatuhusu zaidi sisi wenye kadi za benki zetu za hapa. Ukifungua akaunti ya melini kwa kadi ya debiti, meli hushikilia kiasi fulani cha fedha kwenye akaunti yako ya benki kama dhamana, na kiasi hicho kinaweza kukaa kimefungwa siku kadhaa hata baada ya kushuka. Ukiwa umeshalipa bakshishi, bili inayobaki ni ndogo, na kinachoshikiliwa hupungua. Waulize benki yako mapema, na uwaarifu kwamba kadi itatumika nje ya nchi, isije ikagoma siku ya kwanza.

Hatua ya nne: tafuta noti ndogo ungali Mombasa

Shilingi ya Kenya haina kazi melini. M-Pesa ndiyo kabisa. Utahitaji dola, au euro kama meli yako inaanzia Ulaya, na uzipate kabla hujaondoka.

Katika maduka ya kubadilisha fedha ya Moi Avenue, Nkrumah Road au Digo Road, ukisema unataka dola 150, kijana wa dirishani atakukatia noti ya 100 na ya 50, na kwa upande wake amemaliza. Mwambie mapema: nataka tano, kumi na chache za ishirini. Huenda asiwe nazo hapo hapo, kwa hiyo nenda siku mbili tatu kabla ya safari, umwachie nafasi ya kukutafutia. Melini mapokezi huweza kukuchenjia, lakini siku ya mwisho foleni yake ni ya kutisha na noti ndogo huwa zimekwisha.

Zikague noti moja moja kabla hujatoka dukani. Zisiwe zimechanika, zisiwe na mhuri wala maandishi ya kalamu. Mfanyakazi atazipeleka kwao, Indonesia, Ufilipino, India au hapa Kenya, na huko maduka ya kubadilisha fedha yana masharti yaleyale tunayoyajua sisi: noti za Marekani za matoleo ya zamani hukataliwa, iliyochakaa hukataliwa, na noti ndogo sana hubadilishwa kwa kiwango cha chini kuliko ya 100. Ndiyo maana mimi sipendi kumlundikia mtu noti za dola moja. Za dola moja zina mahali pake, ni zile za kaunta. Kwa shukrani ya wiki nzima, noti moja ya 20 iliyo safi humfaa kuliko ishirini za moja moja. Sarafu usimpe mtu kabisa: hakuna duka litakalomchenjia.

Hatua ya tano: jihadhari usitoe mara mbili

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea bila mtu kujua. Vinywaji vinavyouzwa melini huongezewa asilimia 18 hadi 20 ya bakshishi papo hapo, kwenye bili yenyewe. Si pombe peke yake: hata maji ya matunda, kahawa ya kaunta na soda. Huduma za saluni na masaji mara nyingi ni vivyo hivyo, na hata ile mikahawa ya kulipia pembeni.

Sasa karatasi ikishaletwa utie sahihi, chini yake kuna mstari mtupu wa kuongeza bakshishi. Soda ya dola 4 imeshakuwa dola 4.72 kwa asilimia 18. Ukijaza dola moja kwenye mstari ule ukidhani ndipo pa kutolea, umetoa mara ya pili. Si dhambi, lakini ujue unachokifanya. Pitisha kalamu kwenye mstari huo, tia sahihi, na kama kijana wa kaunta amekupendeza, mpe dola moja mkononi. Itamfikia yeye.

Chakula unacholetewa kabini ni habari nyingine. Kwenye baadhi ya kampuni hakina asilimia juu yake, na aliyekibeba anaweza kuwa si stiwadi wako. Dola mbili hadi tano kwa kila safari ya sinia ni heshima nzuri, hasa usiku.

Hatua ya sita: gawa bahasha zako

Zamani, kabla ya makato ya moja kwa moja kuenea, abiria walikuwa wakiletewa bahasha kabini usiku wa mwisho, kila moja imeandikwa cheo: stiwadi, weita, msaidizi wa weita, mkuu wa ukumbi. Abiria wengi wa umri mkubwa bado wanaupenda utaratibu huo, na mimi naona ndio wenye adabu zaidi. Bahasha za barua za kawaida zinatosha. Zinunue hapa nyumbani, uzitie kwenye begi pamoja na pasipoti.

Kwa safari ya usiku saba, huku makato yameachwa yalivyo, mimi ningetenga hivi. Stiwadi wa kabini dola 20 hadi 30, kwa sababu ndiye mwenye mzigo mkubwa: kabini kumi na tano, ishirini au hata zaidi, na kampuni kadhaa zimepunguza watu huku zikipunguza na idadi ya mara za kusafisha. Ana msaidizi? Tia bahasha mbili, usimwachie mmoja amgawie mwenziwe. Weita wa jioni dola 20, msaidizi wake 10. Kama mnakula bafe kila siku na ukumbini hamjaingia, basi mtafute yule wa bafe anayewakumbuka. Wanaolea watoto kwenye klabu ya watoto hawamo kwenye mfuko wa makato kwa kampuni nyingi, na wazazi wengi huwasahau. Kama mwanao amekataa kutoka huko wiki nzima, dola 10 au 20 zimestahili.

Nahodha, maofisa wenye nyota mabegani na daktari wa meli hawapewi bakshishi. Kuwapa ni kuwaaibisha.

Na wakati? Wako wanaotoa nusu siku ya kwanza, ili wahudumiwe vizuri. Inafanya kazi, siwezi kukataa, ila mimi hainipendezi: ina harufu ya kununua mtu. Afadhali usiku wa mwisho au mchana wa siku ile kabla ya masanduku kutolewa nje, maana asubuhi ya kushuka kila mtu anakimbia, na stiwadi tayari anatandika kwa ajili ya wageni wanaoingia adhuhuri.

Usiiache bahasha juu ya mto ukaondoka. Mtafute, mpe kwa mkono wa kulia, mtaje jina lake. Jina limo kwenye beji kifuani, na chini yake mara nyingi pana nchi anakotoka. Na hapo jiandae, kwa sababu siku hizi unaweza kukuta imeandikwa Kenya.

"Shikamoo mama. Nyinyi wa Mombasa?"

"Marahaba mwanangu. Sisi wa Kisauni. Na wewe?"

"Likoni, mama. Huu mwezi wa saba sijanusa viazi karai."

Ukishasikia hivyo roho inakutoka, unataka bahasha zote azichukue yeye. Mpe, si vibaya, huyo ni mtoto wa nyumbani. Lakini zake zitoke mfukoni mwako upya, zisitoke kwenye fungu la yule Mfilipino aliyesugua choo chako siku saba kwa kimya.

Zawadi za vitu zina mitego yake. Kanga au kikoi ni kumbukumbu nzuri ikiambatana na noti, isiwe badala yake. Chakula cha kupikwa usipeleke. Kama unampa kitu chenye thamani, andika kijikaratasi chenye jina lako na namba ya kabini kwamba umempa kwa hiari, kwa sababu walinzi wa meli wakimkuta na kitu cha abiria bila maelezo, taabu itakuwa yake.

Hatua ya saba: andika jina lake

Hili halina gharama na wafanyakazi wengi wanalithamini karibu sawa na noti. Baada ya safari kampuni hukutumia maswali kwa barua pepe. Penye nafasi ya maoni, taja jina kamili la aliyekuhudumia, kazi yake na alichofanya: "alimpikia baba yangu bila chumvi kila siku bila kukumbushwa." Sifa za aina hiyo huingia kwenye kumbukumbu zake na humsaidia kupanda cheo au kupata mkataba mwingine. "Huduma ilikuwa nzuri" haimsaidii mtu.

Nchi kavu ni hesabu nyingine

Makato ya melini hayamgusi dereva wala kiongozi wa watalii wa bandarini, hata kama safari ya siku umeinunua melini. Kila bandari ina fungu lake. Kwa matembezi ya nusu siku tenga dola 3 hadi 5 kwa kiongozi kwa kila mtu mzima, na dola 2 kwa dereva; kwa siku nzima ongeza.

Ninyi mnaopokea wageni hapa Kilindini, mjue nao wanavyofikiri. Abiria wa meli ana saa moja kichwani: ile ya meli kuondoka. Aliyepelekwa Tsavo Mashariki akarudi foleni ikamkamata Miritini, hatoi kitu hata kama ameona simba watatu, anatetemeka tu. Mrudishe mapema, mteremshe akiwa ametulia, ndipo mkono unapoingia mfukoni. Wengi hupendelea mmoja wao akusanye kwa niaba ya basi zima, kwa hiyo bahasha moja ya kuzungushwa na mwenzao husaidia kuliko kikapu mlangoni. Kumwambia mgeni kiasi cha kutoa ni kosa, labda akikuuliza mwenyewe.

Kwa kijana anayetaka kupanda kama mfanyakazi

Ukiitwa usaili, swali la kumuuliza wakala ni moja: mshahara wa msingi ni kiasi gani bila bakshishi, na je, kampuni inanihakikishia kima cha chini meli ikiwa nusu tupu? Ukitajiwa jumla moja nono ambayo haijagawanywa, jua bakshishi imeshahesabiwa humo. Wakala anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), na Mkataba wa Kazi za Baharini unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kugharamia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayekudai laki mbili za "kukuunganisha" mwachie viti vyake.

Usiku wa mwisho

Kabla ya kulala, fungua bili yako kwenye televisheni ya kabini au programu ya meli kwenye simu. Hesabu siku za makato: ziwe sawa na usiku uliolala. Kama ulilipa mapema, hakikisha hayajakatwa tena. Tazama pia vinywaji ambavyo hukuviagiza. Ukiona kasoro, panda mapokezi usiku huohuo hata kama umeshavaa kanga ya kulalia. Nchi kavu, ukiwa na sanduku mkononi na teksi inakusubiri, hiyo dola 36 iliyozidi utaifuatilia kwa barua pepe hadi uchoke.